Nadharia ya Havijawa

Nchi yetu inawapenda sana wanawake. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akapotoshwa na yatakayofuata. Tuna Siku ya Mwanamke, tuna Wiki ya Mwanamke, na tuna Barabara ya Mwanamke, ambayo haijatiwa lami lakini imeshazinduliwa mara tatu. Tuna pia wizara nzima, Wizara ya Wanawake na Mambo Mengineyo, ambayo mimi, Hamdani Kisoki, nimeitumikia kwa uaminifu miaka ishirini na mmoja. Waziri wetu ni mwanamume, Mheshimiwa Dakta Evaristi Mkumbukwa. Wako watu wenye midomo waliouliza kwa nini wizara hiyo isiongozwe na mwanamke. Rais aliwajibu vizuri sana. Alisema mwanamke angekuwa na upendeleo.

Cheo changu ni Mtunza Mihuri na Funguo. Napiga mihuri kwenye barua, natunza funguo za majengo ya wizara ambayo hayajafunguliwa, na naanzisha makofi. Hii kazi ya makofi watu huidharau kwa kuwa hawaijui. Waziri akimaliza sentensi ndefu hunitazama, nami hupiga mawili ya kwanza, kisha ukumbi wote hunifuata. Siku moja nilikuwa na mafua nikachelewa kidogo, na katibu mkuu mmoja akahamishiwa mpakani.

Katika funguo zilizoning'inia mkandani kwangu ulikuwamo mmoja mzito wa shaba. Ulikuwa wa wodi ya wazazi ya Mabondeni, mwendo wa saa tano kutoka mji mkuu. Wodi hiyo ilikamilika mwaka juzi, ina vitanda ishirini na vinne, na chumba cha upasuaji chenye taa ya kuning'inia. Hata daktari wa upasuaji alishapelekwa. Kwa kuwa hakuwa na pa kufanyia kazi, alishinda barazani akicheza drafti na askari wawili waliowekwa kulinda kufuli.

Kilichokwamisha ufunguzi ni Fomu Namba 7, kipengele cha nne: "Taja nadharia ya ukombozi wa mwanamke inayoongoza mradi huu. Eleza ubora na udhaifu wake." Mkandarasi alikiacha wazi. Tusimlaumu, yeye alikuwa mtu wa saruji.

*

Huenda pengo hilo lingezibwa kimyakimya kama Rais asingesafiri. Huko ughaibuni mwandishi mmoja wa habari alimwuliza, "Mheshimiwa, nchi yako inafuata ufeministi upi?"

Rais wetu hajapata kushindwa na swali. "Tunao wote," alisema, "na mwingine tunausindika wenyewe."

Mwandishi akaomba atajiwe japo mmoja. Rais akatazama saa yake. Aliporudi nyumbani hakupunga mkono uwanjani, na jioni ile ile ikatoka amri: taifa lichague nadharia moja tu ya ufeministi, na mpaka ichaguliwe, mradi wowote unaomhusu mwanamke usifunguliwe. Waziri alitufafanulia kwamba ingekuwa aibu kumzalisha raia kwa nadharia ambayo baadaye serikali itaikataa. Nilianzisha makofi.

Ndipo ikaundwa Tume ya Taifa ya Kulinganisha Nadharia. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, wanaume kumi na mwanamke mmoja, na sheria ilisema wazi kuwa kikao kisicho na mwanamke hakina akidi. Mwanamke aliyeteuliwa alikuwa shemeji yake Waziri. Bahati mbaya wiki hiyo alikuwa nje ya nchi akitafiti hali ya wanawake madukani. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza wanaume kumi waliketi, wakakitazama kile kiti kitupu chenye kitambaa cha waridi, na hawakuweza kuanza kumkomboa mtu yeyote.

Asubuhi hiyo hiyo akabisha hodi Bi Sikudhani, mkunga wa Mabondeni.

"Karibu, mama. Una miadi?" nilimwuliza.

"Miadi sina, kaka. Nina wajawazito." Alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuna anayelifanya pale wizarani. "Paa la wodi ya zamani lilianguka. Tangu masika nazalisha kwenye ghala la mbolea. Mtoto anazaliwa, chafya yake ya kwanza ni ya mbolea. Hilo nimelizoea. Ila sasa nina binti mmoja, Havijawa Shomari, miaka ishirini na minne. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu hapa mjini. Huyu wa pili akianza kuja, ule mshono hautavumilia. Daktari tunaye, anasema yuko tayari, anataka chumba tu. Havijawa amebakiza wiki tatu. Nimefuata ufunguo."

Alinyoosha mkono kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nilimweleza kwa upole habari ya kipengele cha nne. Alikuwa bado amenyoosha mkono Waziri alipotoka ukumbini kupunga upepo, akamwona.

"Kisoki, huyu ni mwanamke?"

"Anaonekana hivyo, Mheshimiwa."

"Mweke kwenye kiti."

Bi Sikudhani alitaka kupinga. Waziri akampa neno lake mbele yangu: akae tu, asiseme kitu, tume itamaliza kazi kwa siku kumi, na siku ya mwisho ataondoka na ufunguo wake. Mkunga akahesabu kwa vidole. Siku kumi kati ya wiki tatu. Akaingia, akaketi kwenye waridi, na mimi nikakusanya simu za wajumbe wote kikapuni, ya kwake ikiwemo, kama kanuni zinavyotaka.

*

Mtaalamu wa tume alikuwa Profesa Tiburtio Nondo, mtu aliyesoma mpaka akaanza kutembea kimshazari. Aliweka ubao wenye safu mbili, UBORA na UDHAIFU, akaanza na ufeministi wa kiliberali. Huu, alisema, unataka sheria sawa, shule sawa na viti sawa. Tume iliupenda mara moja. Ubora wake ni kwamba unaandikika, na unaweza kupitishwa bungeni mchana mmoja bila mtu kulazimika kubadili chochote nyumbani kwake. Udhaifu ni kwamba unamfungulia mlango aliyekwisha kufika mlangoni, na walioko mbali hawajui hata kama kuna nyumba. Wajumbe waliuona huo kuwa udhaifu mdogo, kwa kuwa wake zao walikuwa karibu na mlango.

Siku ya tatu ukaja wa Kimarksi. Profesa alieleza kwamba mwanamke anayepika, anayefua na anayelea wafanyakazi ndiye anayebeba uchumi mgongoni, na halipwi. Mjumbe mmoja, Mzee Kombe, mwenye wake watatu, aliinua mkono.

"Kwa hiyo wanaweza kugoma?"

"Kinadharia, ndiyo."

Mzee Kombe aliomba kikao kiahirishwe nusu saa, akaja kwangu kuchukua simu yake kikapuni. Aliporudi alikuwa ametulia kidogo. Udhaifu wa nadharia hii, Profesa aliendelea, ni kumwambia mwanamke asubiri mapinduzi, mengine yatajipa. Hapo tume ilipata tabu. Nchi yetu ilishafanya mapinduzi, tena yana sikukuu yake, na wanawake bado wanachota maji mtoni. Ama nadharia ilikuwa na kasoro, ama mapinduzi. Kwa kuwa kuyachunguza mapinduzi ni kosa la jinai, kasoro ikaandikwa kwa nadharia.

Ufeministi mkali ulisomwa siku ya tano, madirisha yakiwa yamefungwa. Huo unasema mfumo dume hauko serikalini tu, uko chumbani, kwenye kitanda, kwenye nani anasema na nani ananyamaza. Ubora wake ni kuingia pale ambapo sheria huishia kizingitini. Wajumbe walikohoa wote kwa pamoja. Udhaifu wake ni kuwahesabu wanawake wote kuwa kitu kimoja, wakati bibi mwenye nyumba na mfanyakazi wake wa ndani hawalali kwenye godoro moja. Kwa udhaifu huo tume ilishangilia sana, hata nikaona wivu kwa kuwa makofi hayo sikuyaanzisha mimi. Sikujua kabla ya siku ile kwamba waheshimiwa wale wanawajali wafanyakazi wa ndani kiasi hicho.

Kisha ukaja ufeministi wa Kiafrika, unaomtazama mwanamke pamoja na mume, watoto na ukoo, bila kumng'oa kwao. Ubora, kwamba unasema kwa lugha ya nyumbani. Udhaifu, alisema Profesa, kwamba mwanamume yeyote anayetaka chakula chake mapema anaweza kukiita mila. Waziri aliagiza udhaifu huo uhamishiwe kwenye safu ya ubora.

Wa mwisho ulikuwa wa makutano. Unasema mwanamke si mwanamke tu. Anaweza kuwa mwanamke, na maskini, na wa kijijini, na mwenye cheo cha chini, na mizigo yote hiyo ikakutana kichwani kwake siku moja. Ubora wake ni kumwona mtu mzima mzima. Udhaifu wake ni kuona mengi mno hata usijue pa kuanzia. Tume iliomba mfano wa mtu wa namna hiyo. Profesa aliangaza ukumbini kote, akapita kiti cha waridi mara mbili, akasema atauleta mfano kutoka kwenye vitabu.

Siku ya nane, kwa kusahau, Waziri aliuliza kama mjumbe mwanamke ana neno. Bi Sikudhani alisimama kabla Waziri hajakumbuka kosa lake.

"Waheshimiwa, nimezisikiliza zote," alisema. "Hiyo ya kwanza ingenipatia barua. Ya pili ingewauliza ninyi kwa nini nazalisha mwaka wa thelathini huu na bado naitwa mtu wa kujitolea. Ile kali ingemwuliza mume wa Havijawa kwa nini hakungoja mshono upone, na daktari alimwambia mbele yangu. Hiyo ya kwetu ingewatoa mawifi zake wakamchotee maji, na wangekwenda, nawajua. Hii ya mwisho ingeuliza mbona wodi iliyofungwa ni ya Mabondeni na siyo ya hapa kwenu. Kila moja ina jicho, na kila moja ina upande isiouona. Ninapozalisha nataka mkasi, nataka uzi, nataka maji ya moto na taa. Sasa mtu aniambie nichague kati ya mkasi na maji! Leteni zote. Ila kwanza naomba ufunguo."

Profesa Nondo aliangalia ubao, akasema maneno hayo hayaingii kwenye safu yoyote. Basi yakafutwa kwenye kumbukumbu, na kilichofutwa kwenye kumbukumbu, kisheria, hakuna mtu aliyekisikia.

*

Siku ya tisa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, simu iliita kikapuni. Ilikuwa ya Bi Sikudhani. Niliipokea, kwa kuwa mlio wake ulikuwa unawasumbua waheshimiwa.

"Mwambie mama Havijawa ameshikwa," alisema msichana wa Mabondeni, msaidizi wake. "Kabla ya wakati. Tangu saa nane ya usiku, na chupa imeshapasuka. Daktari yuko hapa amenawa mikono. Aje na ufunguo, au atume mtu. Tafadhali, baba."

Niliandika kila neno kwa mwandiko mzuri. Nikapiga muhuri, IMEPOKELEWA, pamoja na saa. Lakini ajenda ya siku ile ilikuwa imejaa: tume ilikuwa inajadili kama kwenye ripoti ubora utangulie au udhaifu. Nikiingia na kumtoa Bi Sikudhani, akidi ingevunjika. Nikakiweka kikaratasi mahali pake panapostahili, kwenye faili la Mengineyo, na Mengineyo huja mwisho.

Mengineyo yalifika saa kumi na moja jioni.

Bi Sikudhani alikisoma kile kikaratasi mara moja tu. Akatazama saa iliyoandikwa kwenye muhuri, kisha akanitazama mimi. Sikuwa nimetazamwa namna ile na mtu yeyote. Akanyoosha mkono kama siku ya kwanza. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia kipengele cha nne bado kiko wazi.

Aliondoka bila ufunguo. Alifika Mabondeni saa nne usiku. Mtoto alikuwa ametoka, wa kike, mzima. Damu ya mama haikukoma, na Havijawa alikuwa amekata roho saa moja kabla, juu ya magunia ya mbolea, hatua arobaini kutoka kwenye ile taa ya kuning'inia. Daktari alikuwa amepiga magoti pembeni yake na mikono mitupu. Askari waliniambia baadaye kwamba kufuli lilikuwa salama.

*

Baada ya siku saba alirudi, tume ikiwa bado haijamaliza. Safari hii hakuvua viatu. Aliomba Fomu Namba 7, akaijaza kwa kusimama, akanisukumia. Kwenye kipengele cha nne alikuwa ameandika hivi:

Nadharia: Havijawa Shomari. Ubora: Alivumilia saa kumi na tisa. Udhaifu: Hakuweza kusubiri zaidi.

Niliisoma nikaona aibu ambayo sijui niiwekeje kwenye maandishi ya serikali. Hapakuwa na pengo lolote kwenye fomu ile. Nikapiga muhuri, nikaufungua ule ufunguo wa shaba mkandani na kumpa. Aliufunga kwenye pindo la kanga akaenda zake bila kuaga.

Kanuni zinataka fomu iliyokamilika ipelekwe kwenye tume, nami nikaipeleka. Waziri aliisoma kwa sauti, kisha akamgeukia Profesa Nondo.

"Profesa, hii ya Havijawa unaifahamu?"

Profesa alivua miwani, akaipangusa polepole, akaivaa tena.

"Havijawa nimemsoma," alisema. "Nilimsoma zamani, kwa lugha yake mwenyewe. Ni mwanafikra mzito, ingawa ameandika kidogo."

"Ubora wake?"

"Uvumilivu, kama ilivyoandikwa hapo. Haipambani na serikali."

"Na udhaifu?"

"Ana haraka kidogo. Ni kawaida ya wanafikra wa kizazi chake."

Mzee Kombe aliuliza kama nadharia hiyo inaruhusu wake kugoma. Profesa alimhakikishia kwamba Havijawa hakugusia migomo. Basi ikapitishwa kwa kauli moja kuwa nadharia rasmi ya taifa, na wakati huo hakuna mjumbe aliyekumbuka kwamba kile kiti kilikuwa kitupu na akidi haikutimia. Mimi nilikumbuka, na nilijua Havijawa ni nani. Nilinyamaza, kwa kuwa sikuulizwa, na nikaanzisha makofi.

*

Sherehe ya ufunguzi ilifanyika Mabondeni mwezi uliofuata. Wodi ilikuwa imeshafanya kazi wiki nne, wajawazito wakiingia kwa mlango wa nyuma ili wasiharibu utepe uliofungwa mlango wa mbele. Vitanda ishirini na kimoja vilikuwa na watu. Ukutani palikuwa na kibao cha marumaru kimefunikwa kitambaa, na Waziri alipokifunua tulisoma sote: WODI HII INAONGOZWA NA NADHARIA YA HAVIJAWA.

"Ndugu wananchi," Waziri alianza, "dunia nzima imetafuta, sisi tumepata! Havijawa anatufundisha kuvumilia. Anamwambia mwanamke wa nchi hii: subiri, serikali yako inakuja. Udhaifu wake, na tunausema bila woga, ni kwamba hakusubiri vya kutosha!"

Akinamama wa Mabondeni walikuwa wamekaa kwenye majani. Mmoja, mtu mzima mwenye mtoto mchanga mgongoni, alisimama, akaja taratibu mpaka mbele ya jukwaa.

"Baba," alisema, "mwanangu aliyasema lini hayo?"

Waziri aliniinamia. "Kisoki, bibi huyu ni nani?"

"Ni mama mzazi wa nadharia, Mheshimiwa."

Waziri alifurahi mno. Akatangaza papo hapo kwamba bibi huyo, kwa jina Mwanakombo, ameteuliwa mjumbe wa tume, kwa kuwa kiti cha mwanamke kilikuwa wazi. Akaomba mkasi ili akate utepe. Bi Sikudhani alitokeza dirishani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akasema mkasi una kazi, kuna mtu ndani anakatwa kitovu, asubiri. Kwa hiyo Waziri akaendelea kuhutubia.

Bi Mwanakombo hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akiutazama mkanda wangu, mahali ambapo funguo huning'inia.

"Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo?"

Nilikuwa na majibu ya kiserikali matatu au manne, yote mazuri. Niliyaacha.

"Ndiye mimi, mama."

Kisha akafungua mbeleko, akamtoa yule mtoto, akamweka mikononi mwangu.

"Basi mshike huyu. Mimi naingia kumsaidia Bi Sikudhani kuchemsha maji."

Akapita chini ya utepe, akaingia kwa mlango wa mbele. Akinamama waliokuwa kwenye majani wakanyanyuka mmoja mmoja wakamfuata, nao wakipita chini ya utepe huo huo, mpaka uwanjani tukabaki sisi wa serikali, askari wawili na daktari mmoja aliyekuwa akikimbia kurudi kazini.

Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alifumbua macho akanitazama. Waziri alifika kilele cha hotuba yake, akamalizia sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema, akanigeukia nianzishe makofi. Mikono yangu miwili ilikuwa imemshika mtoto wa Havijawa, na sikumweka chini.